Mashujaa tunawakumbuka, waliokufa kwa njaa je?

Vita vya Maji Maji vilipomalizika mwaka 1907, serikali ya Kijerumani ilihesabu kwa upande wake Wazungu 15 waliokufa, pamoja na askari na wasaidizi wa Kiafrika 389. Kwa upande wa wananchi, serikali hiyo hiyo ilitaja watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyezunguka kusini miaka ya 1960 akiwahoji wazee waliokuwa wamebaki, aliiona hesabu hiyo kuwa ndogo mno. Yeye alikadiria kati ya watu 250,000 na 300,000. Tuchukue hesabu yoyote tunayoitaka, jambo moja halina ubishi: wengi wa watu hao hawakupigwa risasi wala hawakunyongwa. Walikufa kwa njaa, na kwa maradhi yanayomwandama mwenye njaa, baada ya vijiji vyao kuchomwa moto, maghala yao kuporwa na mashamba yao kuteketezwa. Walikufia majumbani, njiani na porini, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Na hao ndio tusiowataja.

Tunaowataja ni wengine, na wanastahili kutajwa. Kila mwishoni mwa Februari, Songea huadhimisha siku ya tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 wa Ungoni na kuwafukia katika kaburi moja. Makumbusho ya Maji Maji yapo pale, na sanamu za majemedari, na kaburi la Nduna Songea Mbano ambaye mji unabeba jina lake. Kila mtoto aliyepita shule ya msingi anamjua Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake yaliyotakiwa kugeuza risasi kuwa maji. Tumefunzwa kwamba makabila ya kusini yaliungana kwa mara ya kwanza dhidi ya mkoloni, na kwamba hapo ndipo mbegu ya uhuru ilipopandwa. Sina ugomvi na mafunzo hayo. Ninachosema ni kwamba tumebeba nusu ya kumbukumbu, na nusu tuliyoiacha ndiyo iliyotuumba zaidi. Ushujaa ulitupa hoja ya kudai uhuru. Njaa ilitufundisha namna ya kuudai, na kwa sehemu kubwa tabia ya siasa tunayojivunia kuwa ni ya Kitanzania ilitoka huko.

Ili hoja hii ieleweke, lazima kwanza tukubali kwamba njaa ile haikuwa bahati mbaya ya vita. Julai 1905 wazee wa Nandete, katika vilima vya Matumbi, waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulilima chini ya akida na kiboko. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini habari za dawa yake zilikwisha kuanza kuenea, na baadaye zikafika Uzaramo, Ungindo, Upogoro, Ubena na Ungoni. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu walilishambulia boma la Mahenge na kufyekwa na bunduki za rashasha. Baada ya hapo wapiganaji waliacha kwenda kifua wazi mbele ya boma. Walijificha msituni, wakashambulia na kutoweka. Jeshi la Gavana Götzen halikuwa na watu wa kutosha kuwafuata kila kichaka. Ndipo maofisa wake walipoamua kuwapiga watu tumboni. Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana akimweleza kwamba kwa maoni yake ni njaa na ufukara tu vitakavyowafanya watu watii kabisa, na kwamba mapigano peke yake hayatafika mbali. Maneno hayo yaliandikwa na afisa aliyekuwa kazini, kwa mkubwa wake, na yakatekelezwa.

Anayelima anajua ukatili wa mpango huo bila kuelezwa zaidi. Ukiwachomea watu ghala mwezi wa Oktoba, umewanyima chakula cha miezi ya kungoja mavuno, na umewanyima mbegu pia. Mvua zikinyesha, hakuna cha kupanda. Wachache waliobakiwa na punje chache wanalazimika kuchagua kati ya kuzila leo au kuzifukia ardhini huku mtoto analia. Na hata wakiamua kupanda, watu waliokimbilia msituni hawawezi kukaa shambani kulinda. Nguruwe mwitu na ndovu wanamaliza walichoacha askari. Kwa hiyo msimu mmoja ulioharibiwa unaua misimu miwili au mitatu. Katika sehemu kubwa ya kusini, waliokufa baada ya milio ya bunduki kunyamaza walikuwa wengi kuliko waliokufa wakati wa mapigano. Vita vilikwisha kwenye vitabu vya jeshi, vikaendelea jikoni.

Athari yake imebaki kwenye ramani. Mwanahistoria John Iliffe alionyesha jinsi mashamba yaliyokosa watu yalivyorudi kuwa pori, pori likaleta mbung'o, na mbung'o wakawazuia watu kurudi. Sehemu kubwa ya nchi iliyopigana Maji Maji ikaishia kuwa hifadhi ya wanyama, ile iliyokuja kupewa jina la mwindaji wa Kiingereza, Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho mwaka 1917. Miaka ya 1940 Waingereza waliwahamisha watu wengine zaidi wa upande wa Liwale kwa sababu ya malale. Leo sehemu ya hifadhi hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na watalii wanaambiwa wanaona Afrika ilivyokuwa kabla ya kuguswa na binadamu. Yapo maeneo mle ndani ambayo yaliguswa na binadamu kwa jembe, kwa vizazi, hadi binadamu hao walipoondolewa. Sisemi hifadhi ifutwe. Nasema nchi inayomwonyesha mgeni pori hilo bila neno juu ya watu wake wa zamani imekubali kusahau kwa niaba ya wengine.

Upande wa Lindi, kumbukumbu nyingine ilifunikwa na mifupa. Mwaka 1909, watu wa kusini wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye njaa, wanasayansi kutoka Berlin walifika Tendaguru kuchimba masalia ya dinosaria. Hadi mwaka 1913 mamia ya watu wa maeneo hayo walichimba, na wapagazi wakabeba mizigo siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, jumla ya tani 250 hivi. Mnyama mkubwa kuliko wote aliyepatikana pale amesimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin. Mjadala wetu kuhusu Tendaguru kwa kawaida ni juu ya nani mwenye haki na mifupa ile, na ni mjadala halali. Lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza waliobeba walikuwa wametoka kuzika nani.

Sasa tutazame jinsi taifa lilivyoitumia historia hii. Desemba 1956 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza kwamba watu wa Tanganyika walipigana na Wajerumani kwa sababu hawakuamini kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala. Ilikuwa hoja yenye nguvu. Kwa hoja hiyo TANU, chama chake, haikuwa kikundi cha wasomi wachache waliochochewa na mambo ya nje. Ilikuwa mrithi wa madai ya nusu karne. Baada ya uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliichukua kazi hiyo. Mwaka 1968 wanafunzi walitumwa vijijini kukusanya ushuhuda wa wazee, na Gwassa na Iliffe wakatoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Taifa changa lenye makabila zaidi ya mia moja lilihitaji tukio ambalo Mmatumbi, Mpogoro na Mngoni walikuwa upande mmoja. Maji Maji ikawa tukio hilo. Nisingetaka mtu yeyote afikiri kwamba wasomi wale walidanganya. Waliuliza swali ambalo wakati wao uliwalazimisha kuuliza, nalo lilikuwa swali la umoja.

Lakini Nyerere mwenyewe alikuwa anajua nusu ya pili. Katika hotuba ile ile alieleza kwamba kipigo cha Wajerumani kiliwaacha watu bila matumaini ya kumtoa mtawala kwa nguvu. Na baadaye aliandika kwamba TANU ilipoanza, kumbukumbu ya vita vya Wahehe na vya Maji Maji, na ukatili uliotumika kuvizima, ilikuwa imezama ndani ya mioyo ya watu. Waliokuja kumsikiliza, hasa wazee, walimuuliza utawezaje kushinda bila bunduki. Hilo halikuwa swali la waoga. Walioliuliza mwaka 1954 au 1955 walikuwa watoto mwaka 1906, na waliyajua majibu ya bunduki kuliko mtu mwingine yeyote ukumbini. TANU ililazimika kuwajibu kwa kuahidi, tena na tena, kwamba njia yake haina damu, na baada ya kuahidi ikalazimika kuishi kwa ahadi hiyo. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ambapo chama kilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, moja kwa kila rangi, uliowachukiza wanachama wengi, naona ulikuwa zao la tabia hiyo hiyo ya kumeza shubiri ili kuepusha shari.

Nakubali kwamba amani ya Tanganyika ilikuwa na sababu nyingi. Hatukuwa na walowezi wengi kama Kenya. Tulikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Tulikuwa na Kiswahili. Tulikuwa na kiongozi mwenye kipaji. Mtu akisema sababu hizi zinatosha bila kumbukumbu ya njaa, nitamwomba atueleze kwa nini basi wazee wa mikutanoni walitaka kuisikia ahadi ya kutomwaga damu. Hali nzuri ya kisiasa inaruhusu amani. Haimfanyi mtu aidai. Waliodai walikuwa wamezika. Hapo ndipo ninapoona kazi halisi ya mateso katika kuunda utambulisho wa watu: hayaingii kwanza kupitia sanamu na sherehe, yanaingia kupitia tahadhari ambayo mzazi anamwachia mtoto, hata kama mtoto haambiwi imetoka wapi.

Mfaransa Ernest Renan alisema mwaka 1882, katika mhadhara wake maarufu juu ya taifa ni nini, kwamba kuteseka pamoja huwaunganisha watu kuliko kufurahi pamoja. Wengi hukomea hapo wanapomtaja. Katika mhadhara huo huo alisema pia kwamba kusahau ni sehemu ya lazima ya kuunda taifa, kwa maana mataifa mengi yana damu ya ndugu kwenye msingi. Nadhani Renan alikuwa sahihi katika kueleza mataifa yanavyofanya, na alikosea kama alidhani yanaweza kufanya hivyo bila gharama. Jirani zetu wa Kenya wanatupa ushahidi. Mau Mau ilipigwa marufuku na Waingereza mwaka 1950, na marufuku hiyo ilibaki kwenye sheria za Kenya huru hadi 2003. Jomo Kenyatta aliwataka watu wasamehe na kusahau. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa Februari 1957, hakujengewa sanamu Nairobi hadi 2007. Miaka arobaini ya ukimya haikufuta kitu. Wazee waliopitia kambi za mateso waliishi na vidonda vyao, ardhi ikabaki swali, na mwaka 2013 ni serikali ya Uingereza iliyojikuta ikitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, baada ya wazee hao kwenda mahakamani London. Iliwabidi wavuke bahari kutafuta mtu wa kukiri mateso ambayo nchi yao wenyewe ilikuwa haiyasemi kwa sauti.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: kufukua mateso ni kufukua chuki. Halina budi kujibiwa kwa uzito wake, kwa sababu mifano ipo. Juni 1989 Slobodan Milošević alisimama Kosovo mbele ya umati mkubwa, kuadhimisha miaka 600 ya vita ambavyo Waserbia wanavikumbuka kama msiba wao mkuu, na katika miaka michache Yugoslavia ilikuwa inachinjana. Karibu zaidi nasi, nchini Rwanda, wachochezi wa 1994 waliwakumbusha Wahutu kila siku redioni mateso ya enzi za ufalme na ukoloni, ili kuwafanya wawaue majirani. Kumbukumbu ya mateso inaweza kabisa kuwa silaha. Lakini tukiitazama kwa makini, silaha hiyo imetengenezwa kwa namna maalumu: ina mwenye uchungu mmoja, ina adui mmoja anayeendelea kuishi jirani, na imesafishwa kila kitu kinachoonyesha kwamba na sisi tuliwahi kumwumiza mtu. Kinachoifanya iue ni usafi huo. Kumbukumbu yenye waliokufa wa pande zote, yenye aibu ndani yake, haimfai mchochezi, kwa kuwa hawezi kuipigia kelele jukwaani bila kujikwaa.

Na hapa kumbukumbu ya njaa inatupa kitu ambacho kumbukumbu ya ushujaa haina. Ukisimulia Maji Maji kama vita vya mashujaa, lazima uwe na wasaliti, na hapo ndipo hatari ya kweli ya kikabila ilipo: nani alipigana, nani hakupigana, nani aliuza. Wahehe, waliokwisha kumzika Mkwawa mwaka 1898, hawakuingia upande wa maji. Wangoni walioingia walikuwa wenyewe, miaka michache tu nyuma, wakivamia na kuteka jirani zao, na baadhi ya jirani hao waliona mwaka 1905 nafasi ya kulipa kisasi. Mkusanyiko wa makala uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 ulionyesha wazi kwamba watu waliingia vitani kwa sababu tofauti tofauti, nyingi zikiwa za pale pale kijijini. Hadithi ya umoja inalazimika kuyaruka haya yote. Hadithi ya njaa hailazimiki. Mmatumbi aliyekunywa maji na jirani yake aliyekataa walichomewa ghala na jeshi moja, na watoto wao walichimba mizizi ya mwituni katika pori moja.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia Waafrika waliokuwa upande wa boma ni kumpunguzia Mjerumani mzigo. Ni kweli kwamba wengi wa walioshika kiberiti walikuwa weusi. Jeshi lile lilikuwa na Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengine, baadhi yao wakiwa na wake na watoto kambini waliokula nafaka zilizoporwa. Lakini askari hakutunga mpango. Mpango ulitoka kwa maofisa, ukaidhinishwa na gavana aliyewajibika kwa Berlin, na Götzen mwenyewe alikuja kuandika kitabu kizima juu ya vita hivyo mwaka 1909 bila kuomba radhi. Kumtaja askari hakumsafishi aliyetoa amri. Kunatusafisha sisi na uongo kwamba uovu una rangi, uongo ambao siku moja unaweza kumfanya kijana wa Kitanzania aliyevaa sare aamini kwamba yeye, kwa kuwa ni mzalendo na ni mweusi, hawezi kuchoma nyumba ya mwananchi mwenzake.

Wengine watauliza watoto wetu watapata wapi fahari tukianza kuwafundisha njaa badala ya mashujaa. Sijamwomba mtu aondoe sanamu hata moja. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, alikwisha kutuonyesha shujaa mwenye shaka, mtu anayeona neno alilolitoa limekua likamzidi nguvu, na hakuna mwanafunzi aliyepoteza fahari kwa kuisoma. Mtoto wa darasa la sita anayejua jinsi moto wa ghala la Oktoba unavyoua mwezi wa Machi anaijua nchi yake vizuri kuliko aliyekariri majina na tarehe. Atajua pia kwamba ujasiri haukuwa wa kushika mkuki peke yake. Waliowalisha watoto wengine kwa mizizi walipokwisha kupoteza wao, na waliorudi kufungua shamba lililokuwa pori, walifanya jambo ambalo bila hilo pasingekuwa na mtu wa kuadhimisha chochote Songea.

Halafu lipo pingamizi la watu wa vitendo, ambao kwao haya ni mambo ya miaka 120 iliyopita, wakati mkulima wa korosho wa Liwale anataka bei na barabara. Ninawaheshimu, na ninakubaliana nao juu ya barabara. Ila waangalie jinsi kusini ilivyozungumzwa kwa muda mrefu: nyuma, tulivu, mbali, kana kwamba umbali ni tabia ya watu wake. Daraja la kudumu juu ya Rufiji, lililopewa jina la Mkapa, halikufunguliwa hadi 2003. Sababu za unyonge huo ni nyingi na nyingine ni za baada ya uhuru, na haitakuwa haki kumbebesha Götzen lawama za kila bajeti iliyofuata. Lakini nchi isiyosimulia kwamba eneo hilo liliwahi kupoteza sehemu kubwa ya watu wake ndani ya miaka miwili itaendelea kuwaeleza waliobaki kwa uvivu na mila, na maelezo hayo yanaingia kwenye maamuzi ya fedha. Anayejua historia ya njaa ile hawezi kuiona idadi ndogo ya watu katika wilaya fulani na kuhitimisha kwamba haistahili hospitali.

Suala hili limepata uharaka mpya tangu tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Lilikuwa jambo kubwa na liliwagusa wengi. Mazungumzo yaliyofuata, kwa sehemu kubwa, yamekuwa juu ya mabaki ya miili na vitu vilivyopelekwa Ulaya, na familia zinazotafuta fuvu la babu yao zina haki ya kutangulizwa. Tuna mfano wa fuvu la Mkwawa, lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. Lakini aliyekufa kwa njaa porini hana fuvu lililoandikwa namba Berlin. Hana mjukuu anayeweza kuonyesha kaburi. Tukijadiliana na Ujerumani juu ya vichwa vya machifu peke yake, tutakuwa tumeupunguza uhalifu wa kuangamiza nchi ukawa uhalifu wa kuwaua viongozi. Wanamibia walilazimika kupigana miaka mingi ili mauaji ya Waherero na Wanama ya 1904 hadi 1908 yaitwe mauaji ya kimbari, na tamko la 2021 lenye ahadi ya euro bilioni 1.1 bado linapingwa na wengi wa wazao hao kwa kuwa hawakushirikishwa vya kutosha. Kule amri ya kuangamiza iliandikwa na jenerali mmoja, von Trotha, na inasomeka hadi leo. Kwetu silaha ilikuwa kiberiti na msimu wa mvua, na hiyo ni vigumu zaidi kuiweka mezani kama hatujui kuieleza wenyewe.

Kuieleza kunawezekana, kwa kuwa sehemu ya kazi ilikwisha kufanywa. Ushuhuda uliokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wale wa Dar es Salaam ulitoka kwa wazee ambao wengi wao hawakuishi miaka mingi baadaye. Hakuna atakayeweza kuukusanya tena. Mwingi umebaki katika nakala za chapa ya zamani, zinazojulikana na watafiti, wengi wao wageni, huku mwalimu wa Kilwa au Mahenge akiwa hana hata ukurasa mmoja wa kuwasomea wanafunzi wake maneno ya watu wa kijiji chao. Tumeanzisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili na tunatafuta vitabu vya kulijaza. Ushuhuda huo uchapishwe kwa Kiswahili, uhaririwe na wanahistoria wetu, uende kwanza kwenye shule za wilaya zilizochomwa. Maadhimisho ya Februari yatenge siku moja kwa waliokufa bila kunyongwa, na siku hiyo ihamie kila mwaka katika wilaya tofauti, Nandete mwaka mmoja, Liwale mwaka mwingine, Mahenge mwaka unaofuata. Na kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere liwekwe bango linaloeleza ni nani walikuwa wakilima huko ndani kabla ya 1905. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ruhusa ya Berlin.